Kreyoni Nyekundu ya Mwisho

Shule niliyofundisha mwaka wangu wa kwanza wa ualimu iko Karatu, pembeni mwa barabara ya lami inayopanda kwenda Ngorongoro, na haikujengwa hapo kwa bahati. Kila gari la watalii linalokwenda kreta ni lazima lipite mbele yetu. Mkuu wa shule, ambaye ndiye pia mwenye shule, aliweka bembea upande wa barabarani zinakoonekana, na vyoo nyuma ya jiko visikoonekana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama mwenye akili nyingi za biashara na sauti ya kuongoza kwaya, na akikuambia jambo ulijikuta umeshalifanya kabla hujaamua kama unakubaliana nalo.

Mimi nilipewa chekechea, watoto ishirini na wawili wa miaka mitano na sita. Wengi walikuwa Wairaqw kama mimi, watoto wa wakulima wa ngano na maharage. Wachache walikuwa Wamasai kutoka juu, Ngorongoro, ambao wazazi wao waliwaacha kwa ndugu zao mjini ili wapate shule. Shule ilikuwa ya Kiingereza, maana yake niliongea Kiingereza mkuu alipopita dirishani, na Kiswahili alipokwisha kupita.

Wiki ya sikukuu ya wapendanao mkuu aliingia darasani na bunda la karatasi, uso unang'aa.

"Ticha, nimepata kitu kizuri. Na ni cha bure."

Kitu chenyewe alikuwa amekipakua kwenye simu: karatasi za watoto wadogo kupaka rangi, za sikukuu ya wapendanao, za kuchapa mwenyewe. Alizichapa kwa printa ya ofisini, ambayo wino wake ulikuwa unakata roho tangu Krismasi, kwa hiyo mioyo yote ilitoka na kovu jeupe katikati. Juu ya kila karatasi paliandikwa kwa Kiingereza kwamba hii ni kwa ajili ya mtu ninayempenda, na chini palikuwa na mstari wa kuandika jina la mpendwa huyo. Watoto wangu walikuwa bado wanahangaika na herufi M.

Nilizipitia moja moja wakati wa uji. Palikuwa na dubu amekumbatia moyo. Karatu tuna nyani, tuna tembo wanaoshuka msituni kula mahindi ya watu, fisi ndio usiseme, lakini dubu hatuna, na mtoto mmoja alimtazama sana kisha akauliza kama huyo mbwa ni mgonjwa. Palikuwa na pengwini wawili wamevaa skafu. Darasa lilikubaliana kwamba ni kunguru wanaokwenda harusini. Palikuwa na sanduku la barua juu ya mti, limejaa mioyo, na kwa kuwa hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuona barua ikija nyumbani kwao, waliamua ni mzinga wa nyuki, wakaupaka rangi ya asali. Sikuwasahihisha. Mzinga wa nyuki una faida zaidi.

Halafu palikuwa na yule mtoto mnene mwenye mabawa na upinde, anayelenga mshale kwenye moyo mkubwa. Asili yake alikuwa uchi. Mkuu alimchorea kaptula kwa kalamu ya wino kabla ya kutoa kopi, kwa sababu shule yetu ni ya maadili. Kaptula yenyewe ilifanana na sare ya shule, tena ilikuwa na mfuko.

Nitasema ukweli, mambo haya ya wapendanao yananichefua. Siku hiyo ikifika, Karatu nzima inavaa nyekundu. Vijana wa bodaboda wanafunga riboni kwenye vioo, baa zinatangaza kitimoto ya wapendanao, na wanaume ambao mwaka mzima hawajui mke amekula nini wanapita mtaani na ua moja la plastiki. Baba yangu, mkulima wa kule Mbulu, hajawahi kumwambia mama kwamba anampenda, si mbele yetu, na nadhani si nyuma yetu pia. Lakini kila mwaka kabla ya kulima alimwita, akampima kiganja, akamchongea mpini mpya wa jembe unaolingana na mkono wake. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kulima na jembe hilo. Mtu aliyekulia hivyo humpati kirahisi kwa pengwini wenye skafu.

Basi, tulipaka rangi. Kwa darasa zima tulikuwa na maboksi manne ya kreyoni, ambayo yalikuwa yamebaki kama meno ya kibogoyo. Bluu zilikuwa tele, kijani tele. Nyekundu, ambayo ndiyo sikukuu yenyewe, zilikuwa tatu. Ya kwanza ililiwa. Ya pili ilivunjika katika ugomvi wa meza ya dirishani, ikakanyagwa. Ya tatu ikazunguka meza kwa meza, kila mtoto akipewa zamu huku mimi nikisimamia kama askari wa foleni, mpaka ikafika kwa binti mmoja wa Kimasai aliyekaa nyuma karibu na kabati.

Binti huyu aliishi kwa mama yake mdogo upande wa Ganako. Alikuwa na miaka sita, mkimya, mwenye tabia ya kumaliza kila alichopewa: uji, kazi, hata nyimbo, akiimba ubeti wa mwisho peke yake wenzake walipokwisha kuchoka. Karatasi yake ilikuwa ile ya mtoto wa mabawa na kaptula. Niliporudi kuichukua kreyoni, mkononi mwake palikuwa na ganda la karatasi tu. Nyekundu yote ilikuwa juu ya karatasi yake.

Moyo ulikuwa umeota miguu minne, mkia na pembe mbili ndefu. Mshale ulikuwa umeingia upande wa juu, penye shingo, na kutoka hapo nyekundu ilishuka nzito, imekandamizwa mpaka karatasi inang'aa nta, ikaingia kwenye kibuyu alichokichora pembeni. Kibuyu nacho kilikuwa kimejaa hadi mdomoni.

Nilipandisha hasira. Meza tatu zilikuwa hazijapata zamu. Nikamwambia moyo hauna pembe, na kwamba ni mchoyo, na kwamba sasa wenzake watapaka mioyo ya kijani kwa sababu yake. Alinisubiri nimalize.

"Huu sio moyo, Ticha," akasema. "Ni ng'ombe wa babu. Huyu mtoto anampiga mshale hapa, damu inaingia hapa, yeyo anakunywa."

Yeyo ni mama kwa Kimasai. Hilo nililijua. Jambo la damu nalo nililijua kwa kusikia, kama majirani wanavyojua mambo ya majirani: mwanamke akijifungua, au mtu akiugua, wanaume wanamkamata ng'ombe, wanamfunga ukamba shingoni mshipa uvimbe, wanampiga mshale mfupi usioingia ndani sana, wanakinga damu na kuichanganya na maziwa. Kisha wanaziba kidonda, ng'ombe anarudi malishoni. Hafi. Mtoto alinieleza yote haya kwa utaratibu, akinionyesha kwa ganda la kreyoni.

"Na mama yako yuko wapi?"

"Hospitali. Amezaa mtoto. Damu yake yote ilimwagika chini, mama mdogo alisema. Mimi wamenikataza kuingia, nesi anasema watoto hawaingii." Akaitazama karatasi. "Nimeweka nyingi. Kesho wanamtoa, watapita hapa na gari wakipanda nyumbani. Nitampa."

Hasira yangu haikupata pa kushika. Nilichuchumaa, nikamsaidia kuandika kwenye mstari wa mpendwa. Yeyo, herufi nne, moja imegeuka nyuma mbele. Nikamwambia hiyo ni kazi nzuri kuliko zote darasani, na nilimaanisha.

"Kesho nitampa?" akauliza tena.

"Kesho utampa," nikasema. "Nakuahidi."

Ahadi kwa mtoto wa miaka sita inatoka mdomoni kirahisi sana. Ingekuwa ngumu kama kutamka Kiingereza cha mkuu, pengine tungeahidi kidogo.

Kesho yake, siku yenyewe, mkuu alinipokea getini na skafu nyekundu shingoni. Wageni wanakuja, akasema. Wanalala lodji ya huko juu ya mashamba ya kahawa, wanakwenda kreta, na kiongozi wao amekubali wapitie shuleni nusu saa. Nusu saa hiyo ilikuwa imepangwa kuliko misa ya Pasaka: wimbo, shairi, bembea, halafu kila mtoto atamkabidhi mgeni mmoja kadi yake ya upendo.

"Wako ishirini na wawili," akasema, na macho yakamlowa kidogo kwa uzuri wa jambo hilo. "Umeona Mungu alivyo? Watoto ishirini na wawili, wageni ishirini na wawili."

"Madam, kadi ni za wazazi wao. Tuliwaambia ni za mtu wanayempenda."

"Na wageni hatuwapendi?"

Niliwaza kumweleza habari za yule binti, nikaanza hata. Akanikata kwa upole kabisa. Akasema tutamchapia mtoto nyingine, karatasi zipo, ni za bure. Kisha akaniuliza kama nakumbuka kwamba miezi yangu ya majaribio inaisha Machi. Nilikumbuka. Nilikuwa nikikumbuka kila asubuhi nikifunga viatu.

Kadi za wengine zilikuwa ukutani, nikazibandua. Ya kwake haikuwepo. Alikuwa ameichukua jana yake na kuitia kwenye begi, katikati ya daftari la hesabu isikunjike, na begi alilikumbatia kifuani. Ilibidi nilifungue mwenyewe. Nawaambieni, nimewahi kunyang'anya watoto mawe, wembe, mara moja kinyonga mzima, na sikuwahi kujiona mwizi. Siku ile nilijiona.

"Tutachapa nyingine," nikamwambia. "Utapaka nyingine nzuri zaidi kabla mama hajafika."

"Nyekundu imeisha, Ticha."

"Utatumia rangi nyingine."

Alinitazama kama mtu anayepima kama mwenzake anatania au ndivyo alivyo.

"Damu haina rangi nyingine," akasema.

Hakulia. Angelia ningeweza kumbembeleza, na kubembeleza ningejiona nimefanya kitu. Alisimama tu kwenye mstari na wenzake, mikono nyuma, kama tulivyowafundisha.

Wageni walikuja na magari manne, vumbi lao likaingia kabla yao. Watu wazima wazuri, wenye kofia pana na mafuta meupe puani, wamevaa nguo za rangi ya udongo ili wasiwashtue wanyama. Watoto waliimba. Watoto walisema shairi lisiloeleweka hata na aliyelitunga, yaani mkuu. Mgeni mmoja alipanda bembea, wenzake wakampiga picha, watoto wakasubiri zamu yao kwenye bembea yao. Halafu ukafika wakati wa kadi.

Mioyo ya kijani ilisifiwa sana. Kunguru wa harusini walisifiwa. Mzinga wa nyuki ulimpata bwana mmoja mrefu aliyeugeuza huku na huku, akasema ni wa kipekee. Binti yangu alipangiwa bibi mmoja wa makamo, mwenye nywele nyeupe na uso wa huruma ya kweli, sitamsingizia. Aliichukua kadi, akakiona kibuyu, zikaonekana pembe, akachanganyikiwa. Akamwita dereva wao, kijana wa Kitanzania mwenye fulana ya kampuni na redio kiunoni, amuulize mtoto amechora nini.

Dereva aliinama. "Mrembo, umechora nini hapa?"

Na mtoto akamweleza. Kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kuruka kitu, maana alikuwa mmalizaji: ng'ombe wa babu, mshale, kibuyu, damu ya yeyo iliyomwagika hospitali. Akamaliza hivi: "Hii ni ya yeyo. Anakuja saa hizi. Mwambie anirudishie."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Mkuu alikuwa hatua tatu, akitabasamu kwa meno yote. Dereva aliinuka polepole, akafuta vumbi gotini, akamtazama mkuu, akanitazama mimi. Mimi nikatazama bembea. Akamgeukia yule bibi, akasema kwa Kiingereza kizuri:

"Anasema ni zawadi yako. Anasema anakupenda sana."

Bibi akaishika kadi kwa mikono miwili, akaikandamiza kifuani, machozi yakamtoka. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamkumbatia mtoto, na mtoto alikaa ndani ya mikono ile akiwa amenyooka, macho kwenye kadi, anaifuata inavyotiwa kwenye mkoba pamoja na pakiti ya kahawa na mafuta ya jua. Nilikijua Kiingereza. Ningeweza kusema sentensi moja. Niliipanga kabisa kichwani, na kitenzi nilikiweka mahali pake, halafu nikaimeza na mate. Dereva hakuwa na kosa zaidi yangu. Yeye alikuwa na wageni wa kufikisha kreta kabla jua halijawa kali, na kazi yake ni kuwafanya wafurahi. Mimi kazi yangu ilikuwa huyo mtoto.

Magari yakaondoka. Walituachia maboksi ya chakula waliyobakisha, mkuu akayagawa kwa haki, kila mtoto nusu ya keki kavu. Akaniambia nimefanya vizuri. Machi nikathibitishwa kazini, kama kuna anayetaka kujua.

Kabla ya saa saba gari, Noah ya kijivu, likasimama getini. Akashuka kwanza mama mdogo, ambaye nilimfahamu kwa kuwa ndiye aliyekuja kila siku kumchukua mtoto, amebeba kichanga ndani ya blanketi. Kisha akashuka mama mwenyewe. Alikuwa mrefu, shuka la zambarau limemzunguka mara nyingi kuliko lilivyopaswa, midomo imepauka. Alishika nguzo ya geti akapumzika, akatembea hatua chache, akashika ukuta. Mwenye macho aliona kwamba mtoto hakutia chumvi.

Mama mdogo aliniamkia, tukaulizana habari za mgonjwa, akasema ameongezewa damu ya watu watatu na bado kizunguzungu hakijamwacha. Halafu akacheka.

"Amesema hapandi Ngorongoro mpaka ashuke hapa. Mtoto alimwambia kwenye simu amemtengenezea kitu. Toka jana anakiulizia hicho kitu."

Nikasema subirini kidogo, kiko ofisini.

Nilikimbia. Nawaomba mnione nilivyokuwa: mwalimu mzima, gauni la mtumba na viatu vya kisigino, anakata uwanja. Printa ikakohoa, ikatoa mtoto wa mabawa na kaptula yake, moyo una kovu jeupe. Nyekundu nilikuwa nayo moja tu, kalamu yangu ya kusahihishia. Nikachora pembe, nikachora miguu, mmoja mfupi kuliko mingine. Nikachora kibuyu kilichotoka kama chupa ya soda. Nikaanza kujaza damu kwa mistari ya wino, krash krash, mkono unauma, na ilijaa nusu, ikabaki nyepesi, unaona karatasi chini yake. Nje kichanga kilikuwa kinalia. Nikaandika Yeyo kwenye mstari, herufi nzuri, zote zimetazama mbele.

Niliporudi, mama alikuwa amekaa kwenye bembea. Hapakuwa na pengine pa kukaa. Binti yake alikuwa amesimama mbele yake, ameegemeza paji la uso kwenye magoti yake, na mama anampitisha kidole kichwani taratibu, kutoka utosini kwenda kisogoni, anarudia. Nikampa mtoto karatasi ili aikabidhi yeye mwenyewe. Nilidhani huo ni uungwana.

Aliipokea. Aliitazama kwa umakini aliouzoea, kuanzia pembe hadi chini. Alipitisha kidole kwenye kibuyu pale wino ulipokuwa mwepesi. Mama yake akanyoosha mkono, kiganja wazi, anangoja.

Mtoto hakumpa. Alimwambia maneno kwa Kimasai, machache, kwa sauti ya chini, kama unavyomzuia mtu asinywe maji usiyoyajua yametoka wapi. Mama akaurudisha mkono. Akanitazama, si kwa ubaya, akayahamisha macho kwenye kichanga. Kisha yule binti akaja mpaka nilipo, akapiga goti kidogo, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, kama nilivyomfundisha kumpa kitu mkubwa.

Kimasai sikijui. Nikamgeukia mama mdogo.

"Anasemaje?"

Mama mdogo alimtazama dada yake. Akamtazama mtoto, akaitazama na Noah iliyokuwa inanguruma barabarani. Akafuta vumbi kwenye blanketi la kichanga, na hapo nikajua, maana niliona mtu mwingine akifuta vumbi asubuhi ile.

"Anasema ni zawadi yako, Ticha," akasema. "Anasema anakupenda sana."

Nikaishika kwa mikono miwili, nikaiweka kifuani, nikashukuru.